Mwanafunzi anayekoroma si wa kuchekwa

Yapo mambo ambayo jamii imeamua kuyacheka, na jambo likishachekwa ni nadra kutafutiwa dawa. Kukoroma ni mojawapo. Mgeni akilala kwetu akakoroma, watoto huumana midomo asubuhi wanapompa maji ya kunawa. Abiria akikoroma ndani ya basi la usiku liendalo Mombasa, wenzake hutazamana wakatabasamu. Mume akikoroma, mke huvumilia ama huhamia chumba cha watoto, na habari hizo husimuliwa arusini kama kichekesho. Aghalabu hatokei hata mmoja akauliza: je, mtu huyu anapumua vyema?

Mimi niandikaye haya nilikuwa miongoni mwa wenye kucheka, na sina budi kukiri kosa langu kabla ya kuwanyoshea wengine kidole.

Miaka kadha iliyopita nilifunza Kiswahili katika shule moja ya bweni. Katika darasa langu la kidato cha pili palikuwa na mvulana aliyesinzia karibu kila somo la alasiri, na mara nyingine hata somo la kwanza la asubuhi. Alikaa kinywa wazi, na macho yake yalikuwa mazito kama ya mtu aliyekesha matangani. Bwenini walimpachika jina la Tingatinga kwa sababu ya ngurumo zake za usiku. Walimrushia viatu, hatimaye walikisukuma kitanda chake hadi mlangoni, penye baridi. Mimi nilimhesabu kuwa mzembe. Nilimsimamisha nyuma ya darasa, nikamfagilisha ua, na kwenye ripoti yake nikaandika kwamba hana bidii.

Mwisho wa mwaka alikuwa mkiani, na babake akaja kumhamisha. Alipokuja kuniaga, alisema jambo moja tu: "Mwalimu, mimi hulala mapema kuliko wenzangu wote, lakini huamka nimechoka kuliko wote." Nikamjibu kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo najua kuwa kijana yule alinieleza maradhi yake kwa sentensi moja iliyokamilika, nami nikamrudishia methali. Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kitanda kile sikukilalia.

Ni nini hasa kinachofanyika mtu anapokoroma? Walimu wenzangu wa Kiswahili wana bahati katika suala hili, kwa maana mchoro wanaouhitaji huuchora ubaoni kila mwaka wanapofunza ala za sauti: ufizi, kaakaa gumu, kaakaa laini, kilimi, koromeo. Tunawaambia wanafunzi kwamba kaakaa laini likishuka hewa hupata njia ya puani, tukapata nazali kama vile /m/ na /n/, na likipanda hewa yote hupitia kinywani. Basi ala zizo hizo ndizo zikoromazo usiku. Tulalapo, misuli inayoishikilia njia ya hewa nyuma ya kinywa hulegea. Njia hupungua upana, hewa hulazimika kupita kwa kasi zaidi, na kaakaa laini pamoja na kilimi hutikisika kama bendera penye upepo mkali. Mtikisiko huo ndio mkoromo.

Yapo mengi yanayoifanya njia hiyo iwe nyembamba zaidi: unene wa shingo, pombe inayozidi kuilegeza misuli, kulala chali kunakofanya ulimi uangukie nyuma, mafindofindo yaliyovimba, na pua iliyoziba. Hili la pua ndilo linalonileta kwenye kifaa ambacho siku hizi huuzwa katika maduka mengi ya dawa, nacho ni kitanua pua.

Vitanua pua ni vya aina mbili. Aina ya kwanza huingizwa ndani ya matundu ya pua, nayo ni kijidude cha plastiki au cha mpira laini kinachozisukuma kuta za pua kwa nje. Profesa Bengt Petruson, bingwa wa maradhi ya pua kule Uswidi, alikuwa miongoni mwa walioeneza aina hii katika miaka ya 1980. Aina ya pili hubandikwa juu ya pua. Ni utepe mfupi wenye gundi, na ndani yake mna vibao vyembamba vya plastiki. Ukiukunja utepe huo juu ya mgongo wa pua, plastiki hutaka kunyooka mithili ya upinde uliopindwa, na inapotaka kunyooka huzivuta nje kuta za pua. Aliyeubuni ni Mmarekani Bruce Johnson, mtu ambaye mwenyewe alisumbuliwa na pua yenye kuziba. Idara inayosimamia vyakula na dawa nchini Marekani iliuruhusu utepe wake mwaka 1993. Wapenzi wa kandanda wa rika langu watakumbuka kwamba katika miaka hiyo ya 1990 mshambulizi Robbie Fowler wa Liverpool alionekana uwanjani na kijiutepe cheupe puani. Wengi wetu tulidhani ameumia!

Kwa nini kijiutepe kama hicho kiwe na maana yoyote? Zaidi ya nusu ya ukinzani wote ambao hewa hukutana nao iendapo mapafuni hutokea puani, na mahali pembamba kabisa ni kiasi cha sentimita moja hivi ndani ya tundu. Mwalimu wa fizikia atatusaidia hapa. Mfaransa Poiseuille alionyesha katika karne ya kumi na tisa kwamba, katika bomba la mviringo lenye mtiririko tulivu, kiasi cha kinachopita hulingana na nusukipenyo kikiwa katika kipeo cha nne. Ongeza nusukipenyo kwa asilimia 10 tu, nacho kipitacho huongezeka kwa takriban asilimia 46, msukumo ukiwa ule ule. Pua si bomba kamili, lakini funzo lasimama: panapobana sana, upana kidogo huleta nafuu kubwa.

Kuna na jambo la pili, ambalo mwanafunzi yeyote aweza kulijaribu wakati wa mapumziko. Twaa mrija laini uliokwisha kulowa, unyonye soda huku umebana ncha ya chini kwa kidole. Kuta za mrija hukutana katikati. Ndivyo yalivyo makoo yetu. Pua ikiziba, mtu hunyonya hewa kwa nguvu zaidi, na mvuto huo huzifanya kuta laini za koo zisogeleane na kutikisika. Au hukata tamaa ya pua akafungua kinywa, na hapo taya hushuka, ulimi ukarudi nyuma, mambo yakaharibika zaidi. Kumfungulia mtu kama huyo pua ni kumpunguzia kazi ya kunyonya.

Anayetaka kujua kama shida yake imo katika pembe hiyo ya pua ana jaribio jepesi ambalo madaktari huliita kwa jina la Cottle. Weka vidole shavuni karibu na pua, uvute ngozi taratibu kuelekea sikioni, kisha uvute pumzi. Ukihisi hewa inaingia kwa wepesi kuliko awali, yamkini kitanua pua kitakufaa. Usipohisi tofauti yoyote, huenda pesa zako ni afadhali ukanunulie sukari.

Mimi nilihisi tofauti. Nilivunjika pua nikicheza kandanda chuoni, na tangu hapo tundu la kushoto halijawa na uaminifu. Mke wangu, baada ya miaka mingi ya kunipiga viwiko, alinunua pakiti ya vibandiko akaniwekea juu ya mto bila ya kusema neno. Nilikibandika kimoja kwa shingo upande. Asubuhi aliniambia, "Mzee, leo nimelala." Lakini sitaki kumdanganya msomaji. Usiku niliokuwa na mafua makali nilinguruma vile vile, na nilipolala chali baada ya mlo mzito wa arusi, kibandiko hakikufua dafu. Kilipunguza, hakikuondoa. Hiyo ndiyo sifa yake ya haki, na yeyote amwambiaye mnunuzi zaidi ya hapo anatafuta riziki.

Hapa ndipo hoja yangu kuu inapoanzia. Kitanua pua ni chombo kizuri kikiwa mahali pake, lakini ni chombo cha hatari kikituaminisha kwamba kelele ndiyo ugonjwa. Kuna mkoromo ulio kelele tu, na kuna mkoromo ulio kilio. Huo wa pili una mpangilio wake: mtu hukoroma kwa nguvu, kisha hunyamaza ghafla, kifua kikawa chahangaika pasipo hewa kupita, halafu hushtuka kwa mkoromo mkubwa kama aliyeibuka majini. Katika ukimya ule njia ya hewa imefunga kabisa. Madaktari huuhesabu ukimya wa sekunde 10 au zaidi, na kwa mgonjwa mahututi huweza kutokea mara nyingi katika saa moja. Kila mara oksijeni hushuka, ubongo hushtuka kuamsha misuli, na mwenyewe hakumbuki lolote kunapokucha. Ajuacho ni kwamba amechoka.

Ugonjwa huu wa kukatika pumzi usingizini huandamana na shinikizo la damu na maradhi ya moyo, na humfanya dereva asinzie akiwa ameshika usukani. Kitanua pua hakiuponyi. Tafiti zilizoupima utepe kwa wagonjwa wa aina hii hazikuona vipindi vya kukatika pumzi vikipungua kwa kiwango cha maana. Dawa iliyo mashuhuri ni mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, ambayo Colin Sullivan na wenzake waliieleza kule Australia mwaka 1981. Kumbandika mgonjwa huyo kijiutepe na kumwambia alale salama ni sawa na kumfunga mbwa mdomo ilhali mwizi yumo ndani ya boma.

Msidhani ugonjwa huu ni wa wazee wenye vitambi pekee. Watoto nao huupata, na kwao mshukiwa wa kwanza ni mafindofindo na tezi zilizo nyuma ya pua zinapokua kupita kiasi. Jambo la kustaajabisha ni kwamba habari hizi si ngeni. Mwaka 1889 daktari Mwingereza William Hill aliandika katika jarida la madaktari wa Uingereza juu ya watoto walioitwa wajinga shuleni, kumbe pua na koo zao zilikuwa zimeziba. Miaka mitatu baadaye, William Osler alimweleza katika kitabu chake maarufu cha tiba mtoto apumuaye kwa kinywa, mwenye usingizi wa kelele na uso uliozubaa. Zaidi ya karne imepita tangu hapo, nasi bado twawasimamisha watoto hao nyuma ya darasa.

Mwaka 1998 daktari David Gozal alichapisha utafiti aliofanya Marekani ambao kila mwalimu angefaa kuufahamu. Aliwachunguza watoto 297 wa darasa la kwanza waliokuwa katika asilimia 10 ya mwisho kwa alama. Kati yao 54 walionekana kuwa na tatizo la kupumua usingizini. Wazazi wa watoto 24 walikubali wanao watibiwe kwa kuondolewa mafindofindo na tezi. Wale wengine 30 hawakutibiwa. Mwaka uliofuata alama za waliotibiwa zilipanda, za wasiotibiwa zikabaki zilipokuwa. Ni haki niongeze kwamba utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2013, uliohusisha watoto 464, haukuona tofauti kubwa katika mitihani ya umakinifu baada ya miezi saba. Hata hivyo, watoto waliofanyiwa upasuaji walilala vyema, tabia zao zikatengenea, na maisha yao yakawa na raha zaidi. Sisemi kwamba kila wa mwisho darasani ana ugonjwa wa koo. Nasema kwamba wamo wenye ugonjwa huo, na hatutawajua maadamu jibu letu la kwanza ni adhabu.

Najua kuna watakaoniambia kuwa haya ni anasa ya Wazungu. Kwamba mzazi anayehangaikia karo hawezi kufikiria vibandiko vya pua wala mashine za kusukuma hewa, na kwamba mabingwa wa masikio, pua na koo ni wachache, tena wengi wao wamo mijini. Sina ubishi na hilo la uchache. Lakini hatua za mwanzo hazihitaji bingwa. Kulala kiubavu badala ya chali hakuna bei. Kuosha pua kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kwafaa wenye mafua ya mzio. Kuanika magodoro na mablanketi juani na kupangusa vumbi bwenini ni kazi ya Jumamosi moja. Mwalimu aliyezungukwa na vumbi la chaki mchana kutwa angepangusa ubao kwa kitambaa kilicholoweshwa. Yule anayekimbilia dawa za matone za kuzibua pua naye aonywe: zikitumiwa kwa siku nyingi mfululizo, pua huzizoea ikaziba kuliko mwanzo. Na kama ni utepe, basi ujulikane ni wa usiku mmoja kisha hutupwa, haubandikwi penye kidonda, wala haufai mtoto wa chini ya miaka mitano.

Zaidi ya yote, tujihadhari na tiba za pupa. Bado wapo katika Afrika Mashariki wanaokata vimio vya watoto kwa wembe eti kikohozi kimezidi, na watoto wamevuja damu na kupata maambukizi kwa ajili hiyo. Koo si mahali pa kubahatisha.

Kuna na hili ambalo hakuna utepe uwezao kulitibu, nalo ni usingizi ulioibwa. Mabingwa wa usingizi wa Marekani walipendekeza mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kila siku. Kanuni zetu wenyewe za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 ziliwatengea wanafunzi wa bweni muda wa kulala kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Waulizeni wanafunzi kengele hulia saa ngapi. Ziko shule ambamo saa kumi alfajiri taa zimewaka na vitabu vimefunguliwa, na walimu wakuu wakajivunia hilo mbele ya wazazi siku ya zawadi. Tukimnyima mtoto mwenye pua nzima usingizi wake, tumemfanyia kwa hiari yetu yale ambayo ugonjwa humfanyia yule mwenzake.

Nashauri nini, basi? Mwalimu akimwona mwanafunzi anayesinzia kila siku, na kaanze na maswali kabla ya hukumu. Unalala saa ngapi? Unakoroma? Wenzako wamewahi kukusikia ukikatika pumzi? Huamka na kichwa kikiuma, au kinywa kimekauka? Majibu yakitia shaka, aitwe mzazi, na mtoto apelekwe hospitali akaangaliwe koo na pua. Walezi wa mabweni wafunzwe kuusikiliza mkoromo kama wanavyousikiliza ukohozi, kwani dalili ya mvua ni mawingu. Nanyi wanafunzi, ambao mko karibu na wagonjwa hawa kuliko daktari yeyote, jueni kwamba ninyi ndio mashahidi. Mwenzenu hawezi kujisikia akiwa usingizini. Badala ya kumrushia kiatu, mwangalieni dakika chache, mhesabu ukimya wake, kisha mmwarifu mlezi. Huenda mkamwokolea masomo yake, na pengine uhai wake.

Juu ya meza yangu ipo pakiti ya vibandiko iliyobakia nusu. Hunikumbusha kwamba mimi, mtu mzima mwenye mshahara na mke mwenye huruma, nilipokoroma nilipata msaada uliowekwa juu ya mto kimya kimya. Mvulana yule alipokoroma alipata viatu kutoka kwa wenzake, na kutoka kwangu akapata ufagio.